Gita la watu usilipeleke kwenye mota

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako goti lampa tabu, lakini haambiliki, ngazi apanda vile vile na ndoo mkononi.

Naandika kwa sababu kwenye simu huniachi nikamaliza. Jana umeniambia "sawa Baba, nimekusikia", na nyuma yako naisikia pikipiki yakungoja. Hukunisikia. Basi soma hapa polepole, kabla hujapanda basi la Mombasa na mali ya mtu.

Dada yako amenionyesha picha. Gita zuri, sikatai. Ameniambia mwenye gita, yule mzee wa Kitaliano wa huko Malindi, asafiri mwisho wa mwezi, na wewe umemwahidi utamkabidhi likiwa jipya, ling'ae mpaka ajione uso. Umechukua na arbuni. Tena kuna fundi huko Mombasa mwenye mota ya kung'arishia, atalisugua lote kisha litiwe nikeli upya. Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Usilipeleke.

Najua utasema Baba ni mtu wa milango, ya magita ayajulia wapi. Ni kweli, na niliyoyasema siku ulipoondoka na lile gita lako la kwanza wayakumbuka, hatuna haja ya kuyarudia. Lakini kitu kinachosuguliwa nakijua. Nimemtaka dada yako anisomee, usiku mzima, mpaka mumewe akaja kumchukua. Nimesikia habari za George Beauchamp, mpigaji wa gita la Kihawaii aliyechoka kufunikwa na matarumbeta, akamwendea fundi John Dopyera huko Los Angeles katika miaka ya 1920, wakaunda gita la chuma lenye koni za alumini ndani yake za kukuza sauti. Kelele waliitaka, wakaipata. Hilo ulilo nalo, National Style O, lilianza kutengenezwa mwaka 1930: mwili wa shaba, juu yake nikeli, koni moja, na picha za Hawaii zenye minazi.

Sasa tazama hiyo minazi. Umeitazama kweli, au umetazama mng'ao tu? Haikuchongwa kwa patasi. Ni mchanga uliopulizwa kwa nguvu, penye kuzuiliwa pakabaki laini na penye kuachwa wazi pakaparuzwa pakafifia. Haina kina. Mimi nikikosea ua kwenye mlango, chini yake nina mti wa kutosha, nashuka kidogo nalitengeneza upya na mwenye mlango hajui. Hapo chini ya mnazi utashuka uende wapi? Na huyo fundi hawezi kutia nikeli mpya juu ya uchafu. Lazima kwanza aiondoe ya zamani, kisha aisugue shaba mpaka iwe laini. Kwenye kulainisha huko ndiko minazi inakoliwa, kingo kwanza, halafu mistari myembamba. Atakurudishia gita linalong'aa lenye kivuli cha picha. Nani atairudisha? Si wewe, si yeye.

Chukua lile dele la kahawa la mama yako. Kila Ijumaa lapigwa ndimu na majivu tangu hujazaliwa, na bado lipo, kwa sababu ni shaba tupu kutoka nje mpaka ndani. Gita hilo silo dele. Nikeli yake ni ngozi nyembamba kuliko unywele. Pale unapoona umanjano, mahali mkono wa mpigaji ulipokuwa ukiegemea, ngozi imekwisha na hiyo ni shaba yatoka nje. Hakuna Braso ya kuirudisha, Braso itaongeza tundu. Paache hivyo hivyo. Wanaokusanya magita haya humlipa zaidi mwenye gita lililobaki na nikeli yake ya kwanza, hata ikiwa imechakaa, kuliko lililotiwa upya. Wewe wataka kumpunguzia mzee wa watu mali yake, kisha umdai pesa.

Kazi yenyewe ni ndogo, na labda ndiyo maana huitaki. Kitambaa laini cha pamba, maji kidogo, tone la sabuni ya vyombo, futa, kausha papo hapo. Usiegemeze mkono kwenye kile kifuniko cha katikati, koni iliyo chini yake ni bati jepesi, likibonyea sauti imekwenda. Madoa ya kijani yatie mafuta mepesi ya cherehani, yaache yalainike, kisha yatoe kwa kijiti cha mti, si kwa kisu na si kwa waya wa sufuria. Nakujua na ule waya. Ukimaliza, nta safi, nyembamba. Ile polishi ya magari uliyo nayo isikaribie, nyingi zina unga wa kukwaruza, na nyingine zina silikoni. Silikoni ikifika kwenye shingo ya gita hutapaka vanishi tena, kila ukipaka itakimbia ikuachie vishimo vya duara.

Kwenye shingo ndiko kwenye kazi ya mkono wako, na hapo nakuamini. Nilipoiona ile picha ya mahali palipobonyea nilimwambia mama yako, hapa kijana apaweza. Lakini kwanza jua ni vanishi gani. Fungua kile kibati cha vikazio vya nyuzi nyuma ya kichwa, chini yake pana mahali macho hayafiki. Sokota pamba kwenye njiti ya kiberiti, itie thina, gusa kidogo tu. Ikilainika na kunata, huenda ni NC, ile vanishi ya nitroselulosi iyeyukayo kwa thina, na kwa gita la miaka ile ndiyo ninayoitazamia. Isiposhtuka, kuna mtu alipita kabla yako akapaka kitu cha kisasa, basi nipigie kabla hujagusa.

Ikiwa ni NC umebahatika, kwa sababu mpya huyeyusha ya zamani kidogo, zikashikana. Usipake kwa brashi. Chovya kijiti cha meno, dondosha tone palipobonyea, ondoka. Kesho yake utalikuta limezama. Ongeza jingine, na jingine, mpaka lipande juu ya usawa kiasi cha kuhisi kwa kucha. Chukua wembe mpya, uzungushie selotepu ncha zote mbili, pabaki wazi katikati upana wa tone. Selotepu zitembee juu ya vanishi nzima, makali yaguse tone peke yake. Kwangua huku unavuta, mkono mwepesi, usisukume. Halafu acha. Sisemi mpaka jioni, nasema wiki mbili tatu, maana NC huendelea kukauka na kunywea wewe ukidhani imekwisha. Ndipo uje na msasa wa maji, 1500, kisha 2000. Lile jina lililobandikwa kwenye kichwa cha gita usilipitishie msasa hata kwa bahati mbaya. Na mgongo wa shingo, palipolika kwa kiganja cha mwenyewe, ni pake, mwachie.

Usipulize vanishi siku ya mvua. Thina ikiruka haraka uso wa mti hupoa, unyevu wa hewa ukatua juu yake na vanishi ikapata ukungu mweupe. Ngoja jua la saa sita, fungua madirisha, vaa barakoa, na jiko la mkaa litoke chumbani. Mvuke wa thina na moto havikai nyumba moja. Hili silisemi mara ya pili kwa sababu hili nadhani wanisikia. Lile la mota ndilo husikii.

Wiki mbili tatu, zitakwisha kabla ya mwisho wa mwezi? Hazitakwisha. Mwambie mzee. Mwonyeshe minazi kwa karibu, mwambie mota itaifuta, atakuelewa, mtu aliyelitunza gita kama hilo mpaka leo si mjinga. Mwambie shingo utaitengeneza akirudi, na mwili utausafisha tu. Mpe na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, aviweke ndani ya sanduku, maana hewa ya Malindi ina chumvi, si bure kwamba Gongoni wanaianika mashambani. Akikasirika akataka arbuni yake, mrudishie. Ukiwa umeitumia, na naogopa umeitumia, sema. Nina pesa kidogo ya ule mlango wa Shela. Usimfiche mtu amana yake kwa sababu ya aibu ya pesa.

Barazani hapa nimeshawaambia kuwa mwanangu atengeneza magita ya Marekani, na watu wameanza kuniletea maudi yaliyovunjika ili nikutumie. Ami yako ana moja, kigingi kimepotea na tumbo limepasuka. Nimemwambia angoje mpaka uje kwa Maulidi. Utakuja? Mwaka jana ulisema utakuja.

Ya nyumbani ni haya. Pampu ya kisima imekufa tena, fundi asema ni kapasita, mimi naona ni yeye. Twateka kwa kamba, ndiyo habari ya ndoo na goti. Makuti ya uani yavuja upande wa jikoni na mwenye makuti amepandisha bei. Yule paka wako mwekundu amezalia ndani ya kabati la nguo zako, mama yako amekataza kumhamisha, basi nguo zako nimezitia kwenye sanduku langu na nyingine zimeliwa na nondo, usinilaumu.

Ukija niletee msasa wa maji wa 1000, hapa wa namba hiyo haupatikani, na kapasita ya pampu. Namba zake dada yako atakutumia picha. Dukani usikubali wakupe inayokaribiana.

Na umpigie huyo fundi wa Mombasa leo, umwambie huji.

Wassalaam,
Babako