Mpingo huulizwa hati, wimbo wa mashine hauulizwi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nichangie mjadala wa matumizi ya akili unde (AI) katika muziki. Mimi si mwanamuziki wa kulipwa wala mwanasheria; ni fundi wa kujifurahisha tu, ninayetengeneza magitaa nyumbani baada ya saa za kazi. Ninataka kusema juu ya jambo moja ambalo kila anayeunda ala kwa mbao zetu hukutana nalo, nalo ni kuulizwa malighafi yake imetoka wapi.

Shingo za magitaa yangu ni za mkangazi, na ubao wa mbele ni wa saipresi, ambao huupiga randa hadi ubaki na unene wa milimita tatu hivi, nikiugonga kwa kifundo cha kidole kila mara kusikiliza kama umeanza kuitika. Ubao wa vidole ni wa mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini na mgumu kiasi cha kuifanya patasi mpya iwe butu kwa siku moja. Mpingo huo hauchukuliwi hivi hivi. Lazima uwe umevunwa kwa kibali, gogo ligongwe alama kwa nyundo ya serikali, na mzigo uende na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Januari 2017 jamii nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaani ikawa haiuzwi nje bila kibali, kwa sababu miti ya jamii hiyo ilikuwa ikimalizwa na biashara ya samani, hasa nchini China. Kwa karibu miaka mitatu hata ala iliyokwisha kukamilika ilihitaji karatasi ili ivushwe mpaka kibiashara, mpaka Novemba 2019 ala hizo zilipoondolewa katika masharti, magogo na mbao zikibaki. Mafundi duniani kote walilalamika, na naamini kwa ala zilizokamilika masharti yale yalizidi kiasi. Kwa gogo lenyewe sijawahi kuona ubaya wake: vijiji vya Kilwa vilivyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha kimataifa cha uvunaji endelevu, kwa misitu yao vinauza mpingo kama wenye mali, kwa kuwa karatasi inaonyesha mti ulikuwa wa nani.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2024 kampuni kubwa za kurekodi muziki za Marekani zilizishtaki Suno na Udio, watengenezaji wa programu zinazotoa wimbo mzima kwa kuandikiwa sentensi moja. Suno ilijieleza mahakamani kwamba data iliyoifunzia programu yake inajumuisha karibu mafaili yote ya muziki yenye ubora wa kuridhisha yanayopatikana wazi kwenye intaneti, ikidai kwamba sheria ya Marekani inaruhusu matumizi hayo. Kanda za dansi za miaka ya sitini na sabini, ambazo wapenzi wake wamezipandisha mtandaoni kwa nia njema kabisa, zipo wazi kwenye intaneti hiyo hiyo. Baadhi ya kesi zimekwisha kwa mapatano, na walioketi mezani ni kampuni zenye mawakili. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa dansi, alifariki Januari 1979. Solo yake mpenzi wa dansi huitambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mashine ikiiga mkono ule kesho, ni nani atakayeulizwa hati?

Madhara yake si ya heshima peke yake. Majukwaa mengi ya kusikilizia muziki hugawa mirabaha kutoka mfuko mmoja kulingana na idadi ya usikilizaji, kwa hiyo kila wimbo wa bandia unaosikilizwa na akaunti za bandia humpunguzia mwanamuziki halisi senti zake, ambazo hata bila hilo ni chache. Septemba 2024 waendesha mashtaka wa New York walimshtaki mtu mmoja kwa tuhuma za kujipatia zaidi ya dola milioni 10 kwa mtindo huo. Mwaka mmoja baadaye jukwaa la Deezer lilitangaza kwamba asilimia 28 ya nyimbo mpya zinazopelekwa kwake kila siku zimetengenezwa na mashine mwanzo hadi mwisho.

Sidai kwamba teknolojia hii ipigwe marufuku. Mwaka 2023 ulitoka wimbo wa Beatles wenye sauti ya marehemu John Lennon, iliyochambuliwa kutoka kwenye kaseti mbovu kwa programu ya akili unde, familia yake ikiwa imeridhia, na kanda za iliyokuwa Radio Tanzania zingefaidika sana na kazi kama hiyo.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, kabla ya programu hizi kufikiriwa. Jimbo la Tennessee, Marekani, lilikwisha kutunga sheria ya kulinda sauti ya msanii dhidi ya kuigwa na mashine mnamo Machi 2024. Wakati tukisubiri Bunge letu, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, inaweza kuanza na fomu tu: anayesajili wimbo atamke kama sauti au ala zimetolewa na akili unde, na kama ameiga msanii anayejulikana, aambatishe ridhaa ya msanii huyo au ya warithi wake. Vituo vya redio navyo vidai tamko hilo kabla ya kuupiga wimbo hewani.

Fundi magitaa,
Morogoro