Jumamosi: leza ya elektroni huru
Habari zenu wote, Jumamosi saa nane mchana palepale Wandegeya. Someni hii kwanza, leza hiyo inavyofanya kazi: elektroni zinakimbia karibu na kasi ya mwanga, zinapita kati ya sumaku zilizopangwa kaskazini-kusini kaskazini-kusini, zinayumba kama boda inayokwepa mashimo na kutoa mwanga, alafu mwanga huohuo unaenda nazo sambamba unazisukuma zijikusanye vifungu vidogo vidogo, mwanga unazidi, vifungu vinakaza, unazidi tena mpaka eksirei kali zinatoka. Huko kuzidishana kwa mwanga na vifungu, yaani kukosa utulivu, ndo tunakokutaka! LCLS, leza ya eksirei ya aina hii kule Marekani, ilifanya hivyo 2009, kwa mawimbi ya nanomita 0.15. Ila vifungu vikianza mapema, kabla ya sumaku, vinaharibu mwale wa elektroni, ndo maana wanaupasha moto kidogo kwa leza nyingine. Hapo ndo patamu jamani, mje na maswali, mwenye projekta anijulishe leo.