Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kwanza wa Programu ya Kikazakhi

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawaletea taarifa ya mwaka huu, ambao ni wa kwanza tangu chuo kikuu cha hapa mjini, nchini Ujerumani, kikubali ombi letu la kuanzisha programu ya lugha ya Kikazakhi na taaluma za Kazakhstan. Wanafunzi 12 walijiandikisha muhula wa kwanza, na 9 wamefika mwisho wa mwaka. Watatu waliotuacha walishindwa kwa sababu vipindi viligongana, jambo ambalo idara imeahidi kulirekebisha. Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya Mweka Hazina, nami sitazirudia.

Lililotushughulisha zaidi ni lugha ya kufundishia. Vitabu vingi vya Kikazakhi humchukulia msomaji kuwa tayari anajua Kirusi, kwa kuwa viliandikiwa watu waliokulia katika nchi ambayo, hadi ilipojitangazia uhuru kutoka Muungano wa Kisovieti tarehe 16 Desemba 1991, Kirusi ndicho kilichofungua milango ya kazi na ya elimu ya juu. Wapo waliotushauri tuwatake wanafunzi wasome Kirusi kwanza, mwaka mzima. Kamati ilikataa, na naamini ilitenda haki: lugha ambayo Katiba ya Kazakhstan inaitambua kuwa lugha ya taifa haistahili kuingiwa kwa mlango wa jirani. Kwa hiyo mhadhiri wetu ameandika masomo yake mwenyewe juma baada ya juma, na mara nyingine karatasi zilifika darasani zikiwa bado na joto la mashine.

Nilihudhuria kipindi kimoja mwezi Oktoba. Mhadhiri aliandika ubaoni kitap, qalam na mektep, yaani kitabu, kalamu na shule, akawataka wanafunzi wayaweke maneno hayo katika wingi. Kitap ikawa kitaptar, qalam ikawa qalamdar, mektep ikawa mektepter. Kiambishi ni kilekile, ila konsonanti yake huifuata sauti iliyotangulia, na irabu yake huzifuata irabu za neno. Sisi tuliozoea kuubaini wingi mwanzoni mwa neno hulazimika hapa kuusikiliza mkia wake. Kijana mmoja alilirudia mektepter mara tano, ulimi ukiteleza kila mara kuelekea -tar, wenzake wakimngoja kimya. Mara ya sita likamtoka sawasawa. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba kazi yetu ya miaka hii haikupotea.

Kuhusu alfabeti, tulianza na ya Kikirili, yaani ya jamii ya herufi zinazoandikia Kirusi, yenye herufi 42, ambazo 9 kati yake hazimo katika alfabeti ya Kirusi. Wanachama kadhaa walituandikia wakitaka tuanze na Kilatini, kwa kuwa amri ya rais ya Oktoba 2017 iliagiza nchi ihamie huko. Hoja yao ina uzito, lakini magazeti na vitabu vya shule atakavyokutana navyo mwanafunzi akishuka leo Almaty, mji mkubwa wa Kazakhstan, bado ni vya Kikirili kwa sehemu kubwa. Kilatini kitafundishwa sambamba, kwa kiasi.

Kilichotubadilisha mawazo ni alfabeti ya tatu. Mwezi Aprili alitutembelea bibi mmoja Mkazakhi, ambaye wazazi wake waliikimbia Xinjiang, kaskazini-magharibi mwa China, wakapitia Kashmir na kupokewa Uturuki katika miaka ya 1950, naye baadaye akaja Ujerumani kufanya kazi. Alifungua karatasi iliyochakaa mikunjoni, barua ya marehemu baba yake, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hakuna mwanafunzi aliyeweza kusoma hata mstari mmoja. Alipoisoma yeye kwa sauti, wengi waliifuata. Herufi hizo Ahmet Baitursynuly, mtaalamu wa lugha wa Kikazakhi, alizirekebisha mwaka 1912 zikalingana na sauti za Kikazakhi. Katika Kazakhstan ya Kisovieti ziliondolewa mwaka 1929 kwa ajili ya Kilatini, nacho kikaondolewa mwaka 1940 kwa ajili ya Kikirili. Mwenyewe Baitursynuly alikuwa amekwisha kuuawa kwa risasi mwaka 1937. Wakazakhi wa China, ambao ni zaidi ya milioni moja, wamezihifadhi herufi hizo za Kiarabu. Programu inayowafungia mlango watu hao haiwezi kujiita ya Kikazakhi, na nasema hivyo nikikiri kwamba mtaala wa kwanza niliutia saini mimi.

Kamati inauomba Mkutano Mkuu uridhie mambo mawili. La kwanza, nyongeza ya ada ya mwaka iende yote kwenye mshahara wa mhadhiri, ambaye mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, hadi chuo kitakapoiingiza nafasi hiyo katika bajeti yake. La pili, muhula mmoja wa mwaka wa pili utengwe kwa maandishi ya herufi za Kiarabu. Bibi yule ametuachia nakala ya barua, na mhadhiri ameiweka kuwa somo la kwanza la muhula huo.