Banda lako la mlimani

Shosti wangu,

Mambo vipi, watoto hawajambo? Meseji yako nimeisoma usiku mnene nikashindwa hata kujibu, pole sana aisee, matetea wote wale kuuawa usiku mmoja inauma jamani. Af nimecheka hapo uliposema jirani yako anakwambia kuna mtu kakutupia kitu, sasa uchawi gani huo unaacha manyoya mlangoni na meno shingoni? Huyo ni kicheche au kanu, vinyama vya kuwinda usiku. Hiyo Buhongwa yenu hapa Mwanza, mlimani mawe yamepandana vile, chini yake ndo nyumba zao, wanakaa humo mchana kutwa wanakusubiri uzime taa. Na kuku gizani haoni kitu, anakamatwa kakaa tu hapohapo alipolala.

Sasa ule wavu wa kuku mwembamba uliozungushia, yaani ule kazi yake ni kumzuia kuku asitoke, mnyama haumzuii. Mbwa anauchana, kicheche mdogo anajipenyeza kwenye tundu, na ukikaa kaa unaota kutu ndo basi tena. Tafuta ule mgumu uliochomelewa, matundu nusu inchi, bei imechangamka kweli sikufichi, ila si lazima uzungushe uwanja mzima, anza na banda la kulala tu na madirisha yake, uwanja utakuja hela ikipatikana. Mwambie fundi aupigilie kwa nje ya milunda siyo kwa ndani, mnyama akisukuma unakandamizwa kwenye mti badala ya kung'oka misumari.

Haya, la chini ndo kubwa. Najua watakwambia uchimbe mtaro wa futi moja ufukie wavu, ni kweli unasaidia, lakini wewe unachimba wapi na hilo jabali lote? Usichimbe! Wavu ukishafika chini ukunje uutandaze kwa nje kama futi mbili hivi, kama pindo la gauni, ufunge na ule wa ukutani kwa waya wa kufungia nondo, halafu panga mawe juu yake, mawe si ndo mali yenu nyie. Mnyama anachimba palepale ukuta unapoanzia, anakutana na wavu, anahamia pembeni anakutana nao tena, akili ya kurudi nyuma futi mbili ndo aanze kuchimba huko hana. Majani yakiota katikati ya matundu ndo unazidi kushika. Ila mvua za vuli zikianza zunguka uangalie kila ikikatika, maji ya mteremko yanakula udongo unakuta uwazi wa kupitisha mkono.

Juu usiache wazi, kanu anapanda ukuta kama ngazi. Sehemu ya kulala funika kabisa, bati na wavu hadi kwenye kenchi. Uwanjani kwa ajili ya mwewe tandaza nyavu chakavu za dagaa, ulizia wavuvi pale soko la samaki la Kirumba Mwaloni, ila ziwe juu tu, pembeni kuku atanasa miguu na kicheche anazitafuna. Hata makorongo ya jalalani kifaranga wanameza, usiwaone wamepoa vile. Mlangoni weka komeo mbili, chini na juu, manake ukiweka moja ubao unapinda kwa chini.

Na dagaa usiwaachie bandani usiku, harufu inaita panya, panya wanaita nyoka. Mama yangu mdogo yuko ufukweni kabisa mwa ziwa, kwake shida ni kenge, anakuja mchana kweupe anakula mayai anaondoka zake taratibu utadhani kalipa. Kwa hiyo mayai okota mapema.

Shemeji anasema mnunue mbwa, mi sina imani na mbwa asiyezoeshwa kuku tangu mdogo, huyo ndo anakuwa mwizi wa kwanza. Na sumu mwambie hapana, atakufa paka wa jirani mgombane bure, af mzoga wenyewe kuku wataudonoa.

Leo jioni nyunyiza jivu mlangoni, asubuhi nipigie picha nyayo unitumie. Na kabla hujanunua chochote pima banda kwanza kwa futi, huku Igoma kuna duka wanakata wavu kwa mita, nitakuulizia bei kesho nikitoka kazini.

Wako,
Shosti wa Igoma