Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wote, mwaka tuliompoteza mzee wetu

Assalaam aleikum wanachama wote wa chama chetu cha wakulima, mlioko Malindi mjini, Mambrui, Gongoni na nyinyi mlioko Mombasa mnaotuma ada zenu kwa simu bila kusukumwa, shukran sana. Kawaida taarifa hii huanza na hesabu lakini mara hii hesabu atawasomea mhazini siku ya mkutano, manake nafasi hii naitaka kwa ajili ya mzee wetu aliyetutoka mwaka huu na kamati yote imekubali. Jina lake sina haja ya kuliandika, hakuna mkulima huku ng'ambo ya mto Sabaki asiyemjua.

Ya mwaka kwanza, kwa ufupi. Mvua ya mwaka, yaani masika, ilichelewa alafu ikaja na vishindo, wengine mkapanda mahindi mara mbili, vuli ndo iliyotuokoa kwa kunde na pojo. Miche ya minazi imegawiwa, waliokosa wataanziwa wao msimu ujao. Kuuza maembe kwa pamoja kumesaidia kwa aina ya ngowe, kwa aina ya apple bado madalali wanatupita nyumba kwa nyumba na kila mtu anauza kivyake, hilo tutaliongea tukikutana.

Sasa mzee. Familia inahesabu alikuwa amevuka miaka 90. Yeye mwenyewe umri wake alikuwa akiuhesabu kwa mafuriko, mafuriko ya 1961 alikuwa kijana ashaanza shamba lake mwenyewe, na 1963 tulipopata uhuru alikuwa ashaoa. Mkewe yuko hai, tunamuombea subira, na nataka niseme wazi kwamba lile shamba tunalolisifu sote ni la wawili, manake bwana alipokuwa kwa dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, usiku kucha akilinda viboko na nguruwe wasimalize mahindi, mama ndo alikuwa akiamka alfajiri kupeleka chai na kuchukua zamu ya kufukuza nyani mpaka watoto watoke shule. Miaka hiyo hakuna tochi ya maana wala simu, ni debe la kupiga na moto.

Kitu ambacho vijana wengi hamkijui ni vile alivyopanga shamba lake. Mahindi na mboga aliweka chini karibu na mto kwa sababu kuna ule udongo mweusi mto unaoleta, minazi, mikorosho na miembe akaiweka juu. Watu walimuuliza kwa nini asilime chini kote kunakotoa haraka, akawajibu mto una siku yake. El Nino ya 1997 ilipokuja ikabeba kila kitu cha chini, na yeye alikuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, lakini nazi za juu zilibaki na ndizo zilizolipa fizi za shule mwaka ule, wakati ambao masomo ya msingi yalikuwa hayajakuwa bure, hayo yalikuja 2003. Walikuwa wakiangua, wanazifua kwa kifuo, ule mti wenye ncha uliosimikwa uani, wanaanika mbata, yaani nyama ya nazi ya kukausha, na mbata ikikauka yeye mwenyewe anaipeleka Malindi na harudi na kitu chochote mpaka apitie shule kwanza kulipa. Binti yake mkubwa aliniambia hivi wakati wa matanga, kwamba wao hawakuwahi kurudishwa nyumbani kwa fizi, na nguo mpya ya baba walikuwa wakiiona Idi na si kila Idi. Mabinti walisoma sawa na wavulana, na zama zile huku kwetu si wengi waliofanya hivyo.

Mnazi mrefu wetu huu unataka miaka 6 mpaka 8 ndo uanze kuzaa, so ukiupanda unapandia watoto. Yeye alichimba mashimo makubwa, chini akatandika makumbi, yale maganda ya nazi, yashike maji, nafasi ya hatua kumi au karibu hapo kati ya mnazi na mnazi, na katikati akapanda mihogo na kunde mpaka minazi ikue. Chonga, yule mdudu anayekula minazi, hakumpa nafasi kabisa. Alikuwa na waya wake umekunjwa ncha, akiona majani yamekatwa mfano wa mkasi ujue mdudu yuko kileleni, anamtuma mjukuu mkwezi apande amtoe na waya, na magogo ya minazi iliyokufa anayachoma siku ileile manake ndimo chonga anamozalia. Ukame ule wa 2020 mpaka 2022 ambao misimu ilikataa mfululizo wengi wetu tulipoteza miche, yake ilipona kwa makumbi na kwa wajukuu waliokuwa wakibeba maji jioni, kila mjukuu ana mistari yake.

Mikorosho nayo, bei ilipoanguka miaka ya tisini watu waliikata wakachoma makaa, yeye akasema mti hauna kosa, akawa anaikatia matawi na kuisafisha tu. Leo wajukuu wanaokota.

La mwisho ambalo mimi binafsi namshukuru nalo sana, aligawa shamba akiwa hai na akili zake timamu. Aliita watoto wote, wa kike kwa wa kiume, akaita surveya, wakapita bodi ya ardhi, kila mmoja akatoka na kipande chake na karatasi yake, na sehemu ya mama ikabaki ya mama haiguswi. Tunazo familia ndani ya chama hiki ziko kwa kesi ya mirathi miaka na miaka, ndugu hawasalimiani, shamba limekuwa kichaka. Kule kwake arobaini ilisomwa watu wamekaa mkeka mmoja. Kamati imepanga kumwita mtu wa ardhi aje atueleze hatua zote, anayetaka aje na karatasi zake.

Familia pia imetupa ruhusa tuchukue nazi za mbegu kwa ile minazi yake inayozaa sana. Zinatakiwa zilizokomaa kabisa, tuzilaze kwa kitalu penye kivuli na maji karibu, kuota ni miezi kadhaa, so lazima tuanze kabla ya mvua. Mwenye kisima karibu na barabara na anaweza kutupa nafasi ya kitalu amuone katibu wiki hii, na wakwezi wawili watatu wajitokeze, tutawalipa.