Kufuta faili si kupata nafasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenzangu tunaotunza seva kuukuu za Unix (mfumo endeshi wa kompyuta), na zaidi wakuu wa ofisi wanaotuhimiza tufute chochote kila diski inapojaa. Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi, na inaniuma kuona data za watu zikipotea kwa pupa ambayo mara nyingi haileti hata hiyo nafasi inayotafutwa.

Siku moja seva tuliyokuwa tukiitegemea ilifika asilimia 100, barua pepe zikakwama na hifadhidata ikakataa kuandika. Mwenzangu aliingia katika saraka ya /var/log, akakuta faili moja ya kumbukumbu, yaani ile ambamo programu huandika matukio yake, iliyokuwa imefura kupita kiasi, akaiondoa kwa amri ya rm. Tulipoendesha df, amri inayoonyesha diski imejaa kiasi gani, asilimia ilikuwa ile ile. Kwa hofu akaendelea kufuta, zikiwemo nakala rudufu za miezi iliyotangulia ambazo hatukuwa nazo mahali pengine popote (na hilo nalo lilikuwa kosa letu), ilhali chanzo kilikuwa pale pale tulipoanzia.

Katika Unix, rm huondoa jina la faili kwenye saraka tu; ikiwa faili haina jina jingine, nafasi yake kwenye diski huachiliwa pale programu ya mwisho iliyoifungua inapoifunga. Programu iliyokuwa ikiandika kumbukumbu zile ilikuwa bado imeishikilia faili yake, na ikaendelea kuijaza ingawa haikuwa tena na jina. Amri ya lsof +L1, inayoorodhesha faili zilizofutwa lakini bado ziko wazi, ingetuonyesha faili hiyo pamoja na programu yenyewe, na kuizima na kuiwasha upya programu hiyo moja kungetosha. Ndiyo maana faili ya kumbukumbu inayoandikwa bado haifai kufutwa. Hupunguzwa hadi sifuri huku jina lake likibaki, kisha programu ya logrotate ikapewa kazi ya kuizungusha, yaani kuweka ya zamani kando na kuanza mpya, kabla haijafura tena.

Dalili ya hali hii huonekana mapema kwa anayelinganisha hesabu mbili, kwa kuwa amri ya du hujumlisha faili inazozikuta kwa majina, na df huuliza mfumo wa faili wenyewe umebakiwa na kiasi gani. Zikipishana sana, ama kuna faili iliyofutwa ambayo bado imeshikiliwa, ama kuna faili zilizofunikwa na diski nyingine iliyopachikwa juu ya saraka yao. Pia yafaa kutazama df -i, kwani mamilioni ya faili ndogondogo huweza kumaliza inodi zote (rekodi ambazo kila faili huhitaji moja), na seva ikalalamika kwamba haina nafasi huku gigabaiti nyingi zikiwa tupu.

Wapo pia wanaokimbilia kupunguza ile asilimia 5 ya diski ambayo mifumo ya faili ya ext, inayotumika kwenye Linux, kwa kawaida humtengea mtumiaji mkuu. Kwenye diski kubwa ya data tupu sina pingamizi, lakini kwenye diski ya mfumo akiba hiyo ndiyo inayomwezesha fundi kufanya kazi wakati watumiaji wengine wote wamekwama.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa ofisi, seva ikijaa, mpeni fundi wenu muda wa kupitia df, du na lsof kabla ya kumwuliza amefuta nini.

Wako,
Msimamizi wa seva