Mama, Ile Siyo Pamba

Minneapolis, mwanzoni mwa Februari

Mama, mwangaluka.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara zote nimecheka peke yangu kwenye basi mpaka mzee mmoja akanigeukia. Ile uliyoiona kwenye picha niliyokutumia siyo pamba, Mama. Wala siyo chumvi, kama Mjomba anavyobisha. Ni maji yaliyoganda, na yule aliyesimama mbele yake kama gunia ni mimi, nimevaa suruali mbili na makoti mawili. Na lile swali lako la pili, kwamba nimelipwa shilingi ngapi kwenda kuyapiga picha: nimelipa mimi. Tulia kwanza nikusimulie, halafu ndipo unigombeze.

Mwezi uliopita tulipata siku mbili za mapumziko, mimi na yule rafiki yangu Mkisii ninayefanya naye zamu za usiku. Wewe unajua tangu nije huku baridi kwangu ni kitu cha kukimbia tu: mlangoni hadi kituoni, kituoni hadi kazini. Yeye alinunua kamera ya mtumba, nami nikaazima nyingine, akaniambia, "Mwaka wa nne huu unailaani theluji, twende basi ukaone kazi yake." Mafuta tuligawana nusu kwa nusu. Chakula tulibeba chapati na maharage. Kiingilio kule Gooseberry, kwenye maporomoko, hakuna, unaegesha gari unatembea. Kwa hiyo ile pesa ya bati haijaguswa, iko palepale.

Tulitoka saa kumi alfajiri. Mpaka mji wa Duluth ni kama kilomita 250, barabara pana iliyonyooka. Huku malori hupita yakimwaga chumvi barabarani ili barafu isishike (kwa hiyo mwambie Mjomba hajakosea sana). Ila baridi ikizidi, chumvi nayo inashindwa, ndipo barafu nyembamba inajilaza juu ya lami na wewe unaona lami nyeusi tu. Tulikutana nayo tulipokwisha kupita Hinckley. Rafiki yangu hakugusa breki. Aliachia mafuta taratibu, akashika usukani kama mtu mwenye ndoo kichwani, gari likaserereka upande, likajirudi lenyewe. Hatukusemezana mpaka kituo cha mafuta. Usiogope, nyuma tulikuwa na koleo, mchanga, mablanketi na mishumaa, maana huku hakuna anayesafiri wakati wa baridi bila kujiandaa kukwama.

Ukiteremka kile kilima cha kuingia Duluth, ziwa linakutokea lote kwa mpigo. Linaitwa Superior. Shuleni tulikaririshwa kwamba ziwa letu, Victoria, ni la pili duniani kwa ukubwa katika maziwa ya maji baridi, na mimi sikuwahi kuuliza la kwanza ni lipi. Ndilo hili. Letu lina kilomita za mraba 68,800 hivi, hili 82,000. Kwa kina ndiyo usiseme: letu ni mita 80 hivi, hili linafika 406. Nilisikia kawivu kidogo, sikufichi. Tena haya ndiyo maji baridi kweli! Asubuhi ile ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri, lakini ziwa halikuwa limeganda. Maji yalikuwa na joto kuliko hewa, basi yakawa yanafuka mvuke kama sufuria ya ugali kabla hujatia unga.

Kutoka hapo tukashika barabara namba 61 inayoambaa ufukweni, kilomita 60 na kitu hadi Gooseberry. Ile picha yako ya pamba ni ya hapo. Mimi nilidhani maporomoko yanaganda yote kwa pamoja, kama maji ya kwenye friji. Kumbe yanaanzia pembeni. Matone yanayorukia mwamba yanaganda, yanayofuata yanaganda juu yake, hivyo hivyo wiki baada ya wiki, mpaka unakuta nguzo na mapazia kama nta iliyochuruzika. Ukisogea karibu, wala si nyeupe. Mto unatoka kwenye misitu yenye majimaji, umeloweka majani na magome, kwa hiyo sehemu nyingine barafu ina rangi ya chai ya rangi. Na pale ilipokuwa nene, ndani ya nyufa, kuna bluu ambayo sijui niifananishe na nini. Labda ule moto wa jiko la gesi ukiwa mdogo kabisa.

Sasa aibu zangu. Picha ya kumi na moja, kamera ikazima. Mwenzangu akatoa betri ya akiba kwapani, ndiko alikozificha tangu asubuhi, maana baridi inaua betri upesi. Nikavua glovu niibadilishe, kidole kikanasa kwenye chuma cha stendi ya kamera. Ngozi kidogo imebaki Gooseberry. Na zile kumi za mwanzo zilitoka kijivu kama maji ya majivu: kamera ikiona weupe mwingi hivyo inadhani mwanga umezidi, inapunguza, kwa hiyo lazima uiongezee kwa makusudi. Sikuambiwa. Halafu nikaingia nayo kwenye gari lenye joto bila kuifunga kwenye mfuko wa plastiki, lenzi ikatoka jasho, tukakaa karibu saa nzima tukiisubiri ikauke huku mtu ananitazama tu bila kusema kitu.

Mbele kidogo kuna mnara wa taa uliojengwa juu ya jabali, Split Rock. Dhoruba ya Novemba 1905 ilivunja meli nyingi kwenye ziwa hili, ndipo wakaujenga, ukawashwa mwaka 1910. Nilimkumbuka Mama Mdogo, na meli ya Bukoba iliyozama, na ile Mei ya 1996. Hapo sikupiga picha.

Mwisho tulikwenda Tettegouche, yaliko maporomoko ya mto Baptism. Yana kimo cha kama mita 18, hayana mpinzani ndani ya jimbo hili la Minnesota. Yapo yanayoyazidi, ya mto Pigeon, ila hayo wanagawana na Kanada. Unatembea msituni, theluji inalia chini ya viatu kama unakanyaga unga wa muhogo, kisha hata upepo unanyamaza. Tulifika jua limeshaelekea miti. Mkisii akawa anahangaika na stendi yake, mimi vidole vilishagoma. Nikaenda pembeni kabisa, pale barafu inapogusa mwamba, nikavuta kofia, nikaweka sikio.

Mama, maji yanapita! Nyuma ya ukuta wote ule mnene, ambao ukiugonga unagonga jiwe, mto unashuka kama kawaida. Picha haionyeshi hilo hata ukiikuza. Nilimwita mwenzangu, naye akaweka sikio lake upande wa pili, tukabaki tunatazamana kama watoto wanaosikiliza ugomvi wa wakubwa. Nikachomoa simu kifuani nikarekodi.

Sauti yenyewe nimemtumia mdogo wangu, sekunde 40. Mwambie akuwekee, ila zima redio kwanza na Mjomba anyamaze. Mimi nilisema ni kama dagaa wakavu wanavyomwagwa kwenye turubai pale sokoni Mwaloni, asubuhi, kabla watu hawajajaa. Mkisii akasema hapana, ni mvua juu ya bati. Tumebishana mpaka Duluth. Wewe uliyekaa na dagaa miaka yote hiyo ndiye utakayeamua, na usinipendelee kwa kuwa ni mwanao. Kuna soda ya mtu hapa.

Mwanao